Kwa Miguu Katika Misitu ya Nairobi

Jumatatu: Uhuru Park

Likizo yangu imeangukia mwisho wa Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua na mvua za vuli bado zinasitasita. Nimeamua kuitumia kutembea katika bustani na misitu iliyohifadhiwa ya Nairobi, nikianzia katikati ya mji na kuelekea pembeni. Kuna jambo ninaloliamini kwa moyo wote, nami nataka kulipima njiani: msitu ulio ndani ya mji hulindwa kwanza na watu wanaouzoea kwa miguu yao. Hati ya serikali ina kazi yake, uzio una kazi yake, lakini pasipo watu wanaopita kila siku, hati hulala kabatini na uzio hukatwa usiku.

Uhuru Park si msitu. Ni nyasi, miti ya kivuli, ziwa dogo la kuchimbwa na njia za saruji, na kelele za magari ya Uhuru Highway hazikuachi hata dakika moja. Hata hivyo sikuona pengine pa kuanzia. Bustani hii ilifunguliwa mwaka 1969 na Mzee Jomo Kenyatta, na miaka 20 baadaye ilikaribia kuliwa. Mwaka 1989 chombo cha habari cha chama tawala kilipanga kujenga hapa jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai, aliyekuwa ameanzisha shirika la kupanda miti la Green Belt Movement mwaka 1977, akaanza kuandika barua: kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya nje, kwa yeyote aliyeweza kusikia. Bungeni alidhihakiwa, yeye na wanawake wenzake. Shirika lake likafukuzwa katika ofisi lilizokuwamo. Lakini wafadhili wa jumba wakarudi nyuma, na nyasi zikabaki.

Nilipanda mwinuko polepole hadi juu, pale unapogeuka na kuuona mji wote umesimama mbele yako, jumba la mikutano la KICC likiwa katikati. Wafanyakazi wa ofisini walikuwa wamevua viatu na kulala chini ya miti, saa ya chakula cha mchana. Vijana wawili walikuwa wakipiga picha za mahafali. Mama mmoja alikuwa akimfundisha mtoto kutembea kwenye mteremko, mtoto anaanguka, anacheka, anainuka. Kama lile jumba lingejengwa, watu hawa wangekuwa wapi saa saba mchana? Wangekuwa kwenye ngazi za majengo na kwenye vibaraza vya maduka. Hilo linatosha kwa siku ya kwanza.

Jumanne: Arboretum

Kutoka mjini hadi Arboretum ni mwendo mfupi kwa mtu mzima wa miguu, ukipandia upande wa State House. Ukishapita langoni, sauti ya mji hushuka ghafla.

Mahali hapa palianzishwa mwaka 1907, na sababu yenyewe haikuwa mapumziko. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, na garimoshi za wakati huo zilikula kuni. Miti ya kienyeji ilikuwa ikikua polepole kuliko tanuri zilivyotaka, kwa hiyo wakoloni wakatafuta kipande cha ardhi cha kujaribia miti ya kigeni, waone ipi itakua upesi katika udongo huu na baridi hii. Wakaleta mikaratusi, misonobari, na mingine kutoka kila pembe ya dunia. Leo hekta hizi 30 hivi zina zaidi ya aina 350 za miti, wenyeji na wageni pamoja, mingi ikiwa na kibao kinachokutajia jina na asili yake.

Nilichukua njia inayozunguka kwa nje, ile ya udongo, nikaacha ya lami kwa wanaokimbia. Unapotembea hivyo unajifunza jambo moja kwa macho, bila kitabu. Chini ya misonobari pamekauka. Sindano zimetanda, hapaoti kitu cha maana, ndege ni wachache. Hatua chache mbele, chini ya miti ya kienyeji, kuna ghorofa juu ya ghorofa: majani mapana chini, vichaka vya kati, halafu matawi, halafu kilele kilichojaa milio. Mti wa kigeni uliletwa kutoa kuni na kazi hiyo iliuweza. Kazi ya kulea wengine ni ya mti uliozaliwa hapa pamoja nao.

Asubuhi ya siku ya kazi, Arboretum ni ya waombaji. Niliwakuta kila upande: mwanamume wa makamo akitembea huku na huko chini ya mkuyu, mkono mmoja juu, akina mama watatu wamepiga magoti kwenye kitenge kimoja, kijana mmoja peke yake akilia bila kuficha. Niliwapita kwa mbali, kimya. Mji huu una watu wengi wanaoishi katika chumba kimoja na wenzao wanne au watano, na mtu wa namna hiyo akitaka kulia au kusema na Mungu wake, hana mlango wa kufunga. Njia hizi ndizo mlango wake. Ninaona ni sababu nzito ya kuhifadhi miti kuliko nyingi zinazosemwa kwenye mikutano.

Bondeni, karibu na mto Kirichwa, njia inateremka kwa ngazi. Maji yalikuwa na rangi ya chai na harufu yake haikuwa nzuri. Mto unapita kwenye makazi kabla ya kufika hapa, na unabeba kila ulichopewa. Tumbili walikuwa kwenye ukingo wa pili wakichagua matunda. Sikukaa.

Jumatano: City Park

Ninataka kukaa hapa kidogo, maana City Park ndiyo inayosahaulika. Watu wengi wa Nairobi wanaijua kwa soko lililo pembeni. Ndani kuna mabaki ya msitu wa asili, msitu ule ule uliokuwapo kabla ya mji, umesimama Parklands kati ya barabara, hospitali na majumba ya kifahari.

Nilifika mapema, ukungu ukiwa bado kwenye vilele. Upande wa mbele ni bustani ya zamani: vitanda vya maua, bogenvilia zilizopanda hadi zikawa miti, kibanda cha bendi cha duara. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi, fimbo kati ya magoti, kima wamemzunguka.

"Habari ya asubuhi, mzee. Naona hawa umewazoea."

"Wao ndio wamenizoea," akanijibu. "Zamani baba alituleta hapa Jumapili. Bendi inapiga pale, sisi tunakimbia huku. Sasa nakuja peke yangu. Lakini siwalishi. Ukiona mtu anawalisha, mwambie aache."

Ana haki. Kima wa City Park wamelishwa njugu na ndizi kwa miaka mingi, na matokeo yanaonekana: dume kubwa lilimrukia msichana aliyekuwa na mfuko wa karatasi mkononi, likaunyakua na kuupasua juu ya tawi. Kima aliyezoea mkono wa mtu haombi tena, anadai. Na kuna hasara nyingine isiyoonekana. Kima akila matunda ya msitu hutema na kunya mbegu mbali na mti mama, na hivyo hupanda miti bila malipo. Akishiba ndizi za langoni, kazi hiyo inabaki bila mtu.

Nikaingia msituni kwa njia inayoshuka kuelekea kijito. Mikinduri imesimama mirefu, na chini njia imejaa maganda ya kokwa zake yanayolia chini ya kiatu. Nilisikia shorobo kabla ya kumwona, ule mlio wake wa kukwaruza. Kisha akaruka kutoka mti hadi mti na mabawa yake yakafunguka mekundu tupu. Mwili wa kijani, mabawa mekundu, na yuko umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye foleni ya magari.

Upande wa makaburi ndiko nilikokuwa nikielekea. Pio Gama Pinto amelala hapa. Alizaliwa Nairobi mwaka 1927, mwandishi wa habari na mwanasiasa, akafungwa na wakoloni, akawa mbunge baada ya uhuru, na akapigwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 24 Februari 1965, mtoto wake akiwa ndani ya gari. Joseph Murumbi, rafiki yake, akawa makamu wa rais mwaka uliofuata na hakukaa muda mrefu katika kiti hicho. Maisha yake yaliyobaki aliyatoa kwa sanaa na kumbukumbu za Afrika. Alipofariki mwaka 1990 alikuwa ameomba azikwe karibu na Pinto kadiri inavyowezekana. Akazikwa hapa City Park, na mkewe Sheila akamfuata kando yake. Kuzunguka makaburi yao kuna sanamu za mawe na chuma, kazi za wasanii aliowapenda.

Nilisimama pale kwa muda. Urafiki wa namna hii, mtu kuchagua kulala bustanini kwa ajili ya rafiki, umeisaidia bustani yenyewe. Vipande vya City Park vilimegwa kwa miaka mingi, hiki kwa kile na kile kwa hiki, hadi mwaka 2009 ilipotangazwa kuwa turathi inayolindwa chini ya sheria ya Makumbusho ya Taifa. Makaburi yale yalikuwa sehemu ya hoja: hapa si uwanja mtupu, hapa pana watu.

Nilipokuwa nikirudi niliona kijia kilichokufa. Kulikuwa na jiwe la mpaka, kisha kichaka cha lantana kimefunga kabisa, na nyuma ya lantana mifuko ya taka na vyupa. Hatua 30 tu kutoka kwenye njia inayotumika! Pale watu wanapopita ni safi. Pale walipoacha kupita, taka zimeingia. Nilirudi kwa mzee nikamweleza. Akatikisa kichwa akasema njia hiyo zamani ilifika hadi ng'ambo ya kijito, na kwamba ilianza kufa daraja dogo lilipooza na halikutengenezwa.

Alhamisi

Mvua kutoka alfajiri hadi saa tisa. Sikutoka. Nilifua viatu, nikatazama barabara ya mtaani kwetu ikigeuka mto kwa muda wa nusu saa, maana maji hayana pa kuzama ila juu ya saruji. Katika msitu mvua hiyo hiyo huanguka kwanza kwenye majani, kisha kwenye matawi, kisha kwenye zulia la majani makavu, na inapofika kwenye udongo imeshapoteza ukali. Kesho ni Karura, na kutakuwa na tope.

Ijumaa: Karura, maporomoko na mapango

Hekta 1,041. Karura ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na barabara ya Limuru na ya Kiambu zimeukata vipande. Niliingia kwa lango la barabara ya Limuru. Malipo ni kwa simu, na askari alikagua mkoba wangu kuona kama nina chupa ya plastiki; tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa Kenya. Nilikuwa na chupa ya chuma. Ninalifurahia katazo hili kila ninapolikumbuka, kwa sababu nimeona katika miaka michache tu jinsi kingo za njia zilivyobadilika.

Ndani kuna zaidi ya kilomita 50 za njia, na kila njia panda ina nambari kwenye nguzo. Hilo dogo lina maana kubwa. Mtu mwoga wa kupotea hufuata nambari, akimaliza mzunguko mmoja hurudi wiki ijayo kujaribu mrefu zaidi, na mwisho msitu unakuwa wake. Ukipata tatizo, unapiga simu na kusema uko nambari fulani, askari wanakufikia.

Tope lilikuwa kama nilivyotarajia. Udongo mwekundu wa Nairobi ukilowa hushika soli na kuteleza kwa wakati mmoja, kwa hiyo njoo na kiatu chenye meno na uchukue kijiti. Na likija dimbwi katikati ya njia, pita katikati yake. Najua ni vigumu kwa mwenye viatu vyeupe. Lakini kila mtu akizunguka dimbwi kwa pembeni, njia ya mita moja inakuwa ya mita tatu kabla msimu haujaisha, miche ya pembeni inakanyagwa, mizizi ya miti mikubwa inabaki uchi. Hivyo hivyo kwenye mteremko: njia inapinda kwa makusudi, huku na huku, ili maji yasipate mkondo wa moja kwa moja. Anayekata kona kwa kushuka wima anayachimbia maji mfereji, na mvua inayofuata inaumaliza. Niliona mahali pawili ambapo waangalizi wamelaza magogo kwa mshazari kuvuka njia, yakitupa maji pembeni kwenye majani. Kazi ya mikono, haina sifa, na ndiyo inayoshika mlima wote.

Njia ya kuelekea kwenye maporomoko inafuata mto. Mianzi imesimama kwa mafungu, mikubwa kama paja, ikigongana upepo unapopita. Maporomoko yenyewe yana urefu wa mita 15 hivi, na baada ya mvua ya jana yalikuwa yamejaa, ya rangi ya matofali, na ukungu wake ulitulowesha sote tuliosimama kwenye jukwaa. Darasa zima la watoto wa shule lilikuwa pale, mwalimu wao anapaza sauti kushinda maji. Wengine walikuwa wakiona maporomoko kwa mara ya kwanza maishani, na nyuso zao zilisema hivyo.

Mapango yako karibu. Wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo miaka ya 1950, mji wa wakoloni ukiwa karibu kiasi cha kusikia magari yake. Ndani ni baridi na chini, lazima uiname. Mtoto mmoja akamwuliza mwalimu, "Walilala hapa kweli, Mwalimu?" Mwalimu akamwambia, "Walilala, na mvua ikanyesha kama jana." Mtoto akanyamaza, akagusa mwamba kwa kiganja.

Nilipokuwa nikipumzika kwenye kona iliyopewa jina la Wangari Maathai, niliwaza juu ya mwaka 1998. Sehemu za Karura zilikuwa zimegawiwa watu binafsi kwa siri, na miti ikaanza kuangushwa. Oktoba mwaka huo waandamanaji waliingia na mitambo ya wajenzi ikachomwa. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari alikuja na wenzake, wakiwamo wabunge na wageni, ili kupanda mti langoni. Walishambuliwa na kundi la walinzi wenye mapanga na rungu. Alipasuliwa kichwa, akaenda kituoni kuripoti damu ikimtiririka, na taarifa akaitia sahihi kwa damu hiyo. Wanafunzi wakaingia barabarani. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Watu wanapenda kuishia hapo, na mimi pia nilikuwa nikiishia hapo. Lakini miaka kumi baada ya tangazo lile Karura ilikuwa bado mahali pa kuogopwa. Watu waliporwa humo, maiti zilitupwa humo, magogo yaliibwa. Kilichoibadilisha ni jumuiya ya wananchi iliyoingia mkataba wa kuusimamia msitu pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya, uzio wa umeme, vijana wa vijiji jirani kuajiriwa kuwa askari badala ya kukata kuni kwa wizi, na njia kufunguliwa kwa watu wote. Wangari aliuokoa msitu usiuzwe. Wakimbiaji wa saa kumi na mbili asubuhi wanauokoa kila siku usirudi gizani.

Jumamosi: Karura tena, na Sigiria

Leo sikuwa peke yangu. Binamu yangu alikuja na baiskeli, na mwanawe wa miaka tisa na yake ndogo. Jumamosi Karura ni mji mwingine: familia, mbwa kwenye kamba, vikundi vya kanisa vyenye fulana za rangi moja, wazee wanaotembea wawili wawili wakizungumza siasa. Baadhi ya njia zimetengewa baiskeli, na kwenye zile za pamoja mwenye baiskeli ndiye anayempisha mwenda kwa miguu. Binamu yangu alimfundisha mtoto kupunguza mwendo, kupiga kengele mapema na kusema asante anapopishwa. Nilipenda kuona jambo hilo likipokezwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto pale pale njiani.

Karibu na ziwa dogo la mayungiyungi tulimwona mbega. Mtoto ndiye aliyemwona kwanza.

"Mjomba, kile nini cheupe kule juu?"

Walikuwa watano, mkia mweupe mrefu ukining'inia, kimya kabisa, wakitafuna majani. Mbega hana kidole gumba. Hushika tawi kwa vidole vinne kama ndoano, na anaporuka hujirusha kwa imani ambayo sijaiona kwa mnyama mwingine. Tumbo lake lina vyumba vya kusagia majani ambayo kima hawezi kuyaishi peke yake, ndiyo sababu wawili hao hukaa msitu mmoja bila kugombea chakula sana. Mbega walikuwa wametoweka Karura kwa miongo mingi. Katikati ya miaka ya 2010, Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliwakamata kundi kwa kundi huko Kipipiri, ambako mashamba yalikuwa yamewabana kwenye vipande vidogo vya miti, ikawaleta hapa zaidi ya mia moja. Wamezaliana. Mtoto wa miaka tisa anadhani walikuwapo siku zote, na ninafurahi kwamba anadhani hivyo.

Mchana tulivuka barabara ya Limuru hadi Sigiria, kipande cha Karura kilicho ng'ambo yake. Upande huu una watu wachache, miti ya asili iliyosongamana zaidi, na milima na mabonde yanayokutoa jasho. Muhugu upo hapa, mti mgumu ambao wachonga vinyago wameuandama nchi nzima hadi ukawa adimu. Unakua polepole mno. Nilimwonyesha mtoto mmoja ulio mnene kama mkono wangu nikamwambia huenda umri wake unanizidi. Akaukumbatia, akaniuliza kama naweza kusimama pembeni tulinganishwe.

Pongo jike alitoka kichakani, akatutazama, akarudi. Juu ya bonde tulimwona tai mwenye kishungi akizunguka huku akipiga mluzi. Huyo ni mwindaji wa nyani, na hawezi kuishi ila penye miti mikubwa ya kujengea kiota na windo la kutosha. Yeye akiwapo, ujue kila kilicho chini yake kipo.

Jumapili: Msitu wa Ngong Road

Msitu huu pia ulitangazwa mwaka 1932, na wakati huo ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ulivyo leo. Ulimegwa kwa nyumba, shule, uwanja wa mbio za farasi na maonyesho, kisha barabara ya Southern Bypass ikapita ndani yake. Umebaki kama hekta 1,200 na ushei, ukipakana na Kibera upande mmoja na mitaa ya matajiri upande mwingine.

Hapa hatukuingia mtu peke yake. Tulikusanyika kikundi, tukaongozwa na askari wa msitu, mama wa makamo mwenye hatua ndefu. Mwenzake kijana alifunga msafara nyuma.

"Mama, ni lazima twende pamoja?" mmoja wetu akauliza.

"Kwa sasa ni vizuri hivyo. Watu wakizidi kuja, mtatembea wenyewe kama kule Karura. Lakini watu wanasema watakuja kukiwa salama, na mimi nawaambia kutakuwa salama mkija."

Sikuongeza neno. Nilikuwa nimetembea tangu Jumatatu nikitafuta namna ya kulisema hilo.

Msitu wenyewe ni mzuri, na ninasema hivyo bila kuufananisha na mwingine. Njia ni nyembamba, majani yanakugusa mabega pande zote mbili. Tulikuta kinyesi cha ngawa kikiwa kimejaa mbegu, miiba ya nungunungu, na mti wa muthiga uliobanduliwa gome. Mama askari alisimama hapo. Gome hilo ni kali mdomoni kama pilipili na ni dawa ya kifua na meno, watu wanalijua tangu zamani. Tatizo ni namna ya kulichukua. Ukibandua kipande kidogo upande mmoja, mti hupona. Ukiuvua mzunguko mzima, chakula kutoka kwenye majani hakishuki tena kwenye mizizi, na mti hufa umesimama. Huu ulikuwa umevuliwa mzunguko mzima.

"Siwezi kumlaumu sana aliye na mtoto anayekohoa," akasema. "Ndiyo maana tunawapa miche wakapande nyumbani."

Njia ikatufikisha kwenye bypass. Unatoka kwenye kivuli na ghafla ni malori, mwendo wa kasi, hewa ya moto. Wanyama wa ardhini hawavuki hapo kwa urahisi. Pongo wa upande huu na wa upande ule wamekuwa koo mbili. Tulitembea kando ya uzio kwa muda, na pale kando ndipo nilipoona taka na mashina mapya, mahali ambapo kikundi cha matembezi hakifiki kwa kawaida. Kijana wa nyuma aliandika mahali hapo kwenye simu yake, akapiga picha kila shina.

Tulirudi langoni baada ya saa tatu hivi za mwendo. Mama askari alitoa daftari: wanataka kufungua njia mpya kando ya ule uzio, ili matembezi ya Jumapili yapite huko, na mvua zikikolea watapanda miche ya kienyeji, mihugu na mithiga, kwenye pengo lililoachwa na mikaratusi iliyovunwa. Wanahitaji mikono ya kufyeka lantana na kuchimba mashimo. Vifaa vipo, chakula kila mtu aje na chake, viatu viwe vya kufunga. Niliandika jina langu na la binamu yangu, na nikauliza kama mtoto wa miaka tisa anaruhusiwa. Akasema aje na koti la mvua.